Somo la Ishirini

Mtu akifa husemwa ametutoka. Kaka yake Kitinda hakuwa ametoka popote. Alikuwa kwenye maabara ya lugha ya chuo, mwisho wa korido, ndani ya kanda zilizopangwa kwenye kabati la bati, na kila asubuhi ya kazi alikuwa tayari kuzungumza na yeyote mwenye kuvaa hedifoni.

Idara yenyewe iliitwa Taaluma za Asia: utamaduni, siasa, uchumi, na Kichina kama lugha ya lazima. Chuo kina majengo mazuri, lakini hayo walipewa wanasheria na madaktari. Wao walipewa jengo la nyuma ya mabweni, lenye paa la bati linalolia jua likipanda na kulia tena likishuka, na ramani kubwa ya bara zima iliyobanduka pembe moja, hata Japani ikawa inapunga upepo kila mlango ukifunguliwa. Wanafunzi wa idara nyingine waliwauliza, "Nyie mkimaliza mtakuwa nani?" Wengi walibadilisha mazungumzo. Kijana mmoja alijibu "balozi" wiki ya kwanza kabisa, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kupewa gari lenye bendera, na Balozi likawa jina lake.

Kitinda naye alikuja na jina lake kutoka nyumbani. Walizaliwa wawili tu, yeye na kaka yake, kwa hiyo huko kuitwa kitinda mimba kulikuwa mzaha wa mama yao, ambaye alipenda kusema kuwa yeye alizaa wa kwanza na wa mwisho, wa katikati hakubahatika kuonana nao.

Huyo wa kwanza alisoma kwenye jengo hilohilo la bati. Alikuwa na sikio, kama walimu wanavyosema; neno likimwingia halitoki. Alimaliza wa kwanza, akapata ufadhili wa kwenda kuendelea na masomo Uchina, akaondoka na begi jipya na kuacha viatu vyake vya zamani pale mlangoni, akisema atavikuta. Mwaka wake wa pili huko, msimu wa mvua, chombo kilichokuwa kikivusha watu kwenye mto mmoja mkubwa kilipinduka. Baadhi ya watu walipatikana. Baadhi hawakupatikana, na Kaka alikuwa mmoja wa hao.

Waliokuja kutoa habari walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke wa ofisi ya ufadhili, wamevaa nguo za heshima. Mama alikuwa kwenye cherehani, maana kazi yake ni ushonaji. Aliwapa viti, akawasikiliza mpaka mwisho.

"Mlimwona?" aliuliza.

"Hapana mama, lakini..."

"Kuna aliyemwona?"

"Mama, maji yale..."

"Basi," alisema, akarudisha mguu kwenye cherehani.

Neno hilo ndilo lililokuwa msiba wote. Hakuna aliyelia, hakuna aliyeketi sakafuni, hakuna sufuria kubwa lililobandikwa jikoni. Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yao, alikuja mara tatu kumbembeleza shemeji yake waombe dua wamalize, na mara zote tatu alipewa chai na kurudishwa. "Nimlilie mtu ambaye hajaletwa?" Mama alimwambia. "Nikishalia, akirudi nitamwambia nini?" Tangu hapo viatu vilibaki mlangoni. Mama alivipaka rangi mara kwa mara, akavipiga brashi mpaka vikang'aa, akavirudisha palepale, ncha zikitazama ndani, kama vya mtu aliyeingia sasa hivi. Wageni walikuwa wakivisogeza kwa mguu bila kujua. Kitinda alikua akivikwepa.

Kwa hiyo aliposema anataka kusoma Taaluma za Asia, unaweza kujua ilikuwaje.

"Nchi ile imeshakula mmoja," Mama alisema. "Sasa unaipelekea kitoweo cha pili?"

"Siendi huko, mama. Nasoma hapahapa. Nataka tu kuijua."

"Uijue ya nini? Simba aliyekula ndugu yako unakwenda kumuuliza habari za kwao?"

Ukweli ni kwamba ndivyo ilivyokuwa hasa: alitaka kumuuliza simba habari za kwao. Mama alinuna wiki nzima. Kisha akamshonea sketi mbili za chuoni, akazikunja, akaziweka juu ya kitanda chake, na tangu siku hiyo hakuwahi kumuuliza kitu chochote kuhusu masomo yake, hata kama amefaulu.

*

Mwalimu wa Kichina walimwita Bwana Toni, mtu mfupi mwenye miwani, aliyeamini kuwa dunia ingekuwa na amani kama watu wangepandisha na kushusha sauti mahali panapostahili. Idara haikuwahi kuwa na fedha za kanda kutoka nje, kwa hiyo miaka mingi nyuma alitengeneza zake mwenyewe. Alimchukua mwanafunzi wake bora, akamkalisha mbele ya kinasa sauti, akamtaka asome masomo ishirini ya mazungumzo: kusalimiana, kununua vitu, kuuliza njia, kwenda hospitali, na la mwisho kabisa, kumuaga msafiri. Lakini mazungumzo yalikuwa ya upande mmoja. Msomaji anauliza, kisha ananyamaza, na kimya hicho kimeachwa kwa ajili ya mwanafunzi anayesikiliza, ajaze jibu lake. Kisha msomaji anasema "vizuri sana" na kuendelea. Mtihani wa kuzungumza ulikuwa hivyohivyo: kanda inauliza, wewe unajibu, Bwana Toni anasikiliza na kuandika alama.

Darasa zima lilimwita msomaji huyo Sauti ya Kwanza. Bwana Toni mwenyewe alimwita hivyo. Miaka ilikuwa imepita, wanafunzi wamekuja na kuondoka, na sauti ilikuwa imekwisha kuwa kifaa cha idara, kama ubao.

Kitinda hakuambiwa na mtu. Siku ya kwanza alikaa kwenye kibanda cha pembeni, karibu na dirisha lisilofunguka, akavaa hedifoni ambayo sponji yake ilikuwa imeliwa na masikio ya watu, akabonyeza kitufe.

"Habari," ilisema sauti kwa Kichina. "Jina lako nani?"

Kisha ikavuta pumzi puani, pumzi fupi ya mtu anayejizuia kucheka, ikasubiri.

Aliivua hedifoni kama aliyeunguzwa. Wenzake waligeuka, akasema amepigwa shoti. Fundi wa maabara akaja na bisibisi, akakagua waya, akaona hauna kosa lolote, akaondoka akitikisa kichwa. Kitinda alikaa akiitazama ile hedifoni mezani, na kutoka ndani yake, kwa udogo kabisa, kaka yake alikuwa akisema, "Vizuri sana."

Nani kati yetu asingekimbia nyumbani kumwambia mama yake? Kitinda alikwenda nyumbani kweli jioni ile. Alivikwepa viatu, akaingia, akamkuta Mama anapiga pasi kola za mteja. Mdomo ulifunguka. Akauliza kama kuna chai.

Alijiambia ni kwa huruma: mwanamke aliyekwisha kuzoea kidonda chake, kwa nini ufungue bandeji? Huruma ilikuwepo, hatukatai. Lakini chini ya huruma kulikuwa na kitu kingine, nacho ni uchoyo. Miaka yote Kaka alikuwa wa Mama: viatu vya Mama, kimya cha Mama, kungoja kwa Mama. Yeye aliyekuwa mtoto wakati ule hakuachiwa hata kipande. Sasa alikuwa amepata chake peke yake, na hakutaka kugawana.

*

Akawa mtu wa maabara. Alifika kabla ya kabati kufunguliwa, akaondoka fundi alipoanza kutikisa funguo. Alijua ni somo gani Kaka ana mafua, na ni somo gani amekula kitu kabla ya kurekodi, maana meno yanasikika. Kwenye kanda zile ulisikika pia mlio wa paa la bati, na kwa kuwa zilirekodiwa chumba hichohicho, mara nyingi hakujua kama bati linalolia ni la leo au la siku ile. Aliacha kujaribu kutofautisha.

Mwanzoni alijibu kama kitabu kinavyotaka. Baadaye, Kichina kilipoanza kukaa mdomoni, alianza kujibu ukweli. Somo la nne lilikuwa la familia.

"Je, una ndugu?" Kaka aliuliza.

"Nina kaka mmoja," alijibu Kitinda ndani ya kile kimya.

"Vizuri sana. Kaka yako anafanya kazi gani?"

Aliwahi kusema ni mwalimu. Aliwahi kusema ni mwanafunzi. Siku moja alisema, kwa toni zilizonyooka kabisa, "Kaka yangu amekufa mtoni."

Pumzi ikavutwa puani. "Vizuri sana," alisema Kaka. "Na mama yako je, hajambo?"

Siku hiyo alitoka nje akakaa kwenye ngazi, jua la saa saba likimchoma, na hakuhisi joto. Kesho yake alirudi palepale.

Wenzake waliona, na macho hayana pazia. Wakahitimisha walivyohitimisha: Kitinda amempenda Sauti ya Kwanza. Hakuna darasa la lugha lisilo na kichaa wake, na wao walifurahi kumpata wao. "Shemeji hajambo?" Balozi alimuuliza kila asubuhi. "Amekuuliza jina tena? Huyo mwanamume vipi, kila siku anakuuliza jina!" Kitinda alicheka nao. Kilikuwa kifuniko kizuri, na alikitumia.

Walikuwa na mzaha mwingine ambao hakuujua chanzo chake. Kipindi kikichosha, hasa kile cha mchana cha uchumi ambacho kila hoja iliishia bandarini, Balozi alikuwa akiburuta sauti kutoka nyuma, "Mwalimu, imeisha? Naweza kwenda sasa?" na darasa zima likaangua kicheko, mpaka wa mwaka wa tatu waliokuwa wakipita koridoni. Kitinda alidhani ni uvivu wa Balozi tu. Alicheka kwa kuwa wengine wamecheka.

Katika masomo mengine alama zake zilikuwa nzuri, kwa sababu mbaya. Wenzake wakisoma viwanda na maeneo maalumu ya uchumi, yeye alisoma mito. Ramani ikifunguliwa macho yake yalikwenda kwenye mistari ya buluu na kuifuata mpaka baharini. Aliandika insha kuhusu usafirishaji wa mizigo kwenye mito ya bara, akapata alama ya juu kuliko wote, na mwalimu wa siasa akamshauri aombe naye ufadhili. Alisema atafikiria. Mwalimu wa utamaduni, mama mmoja mpole aliyefundisha huku ameketi, alieleza siku moja kuwa huko zamani, mtu akifia mbali na mwili usionekane, jamaa zake waliweza kuzika nguo zake. Walimwita kwa jina arudi, kisha wakazika nguo na kofia, wapate pahali pa kwenda kumlilia. Asiyefanyiwa hivyo, watu waliamini, roho yake hutangatanga na njaa, haina mlango wa kubisha.

Darasa liliandika. Kitinda aliweka kalamu chini. Aliwaza viatu vinavyotazama ndani, vinavyopakwa rangi kila mwezi, na kwa mara ya kwanza aliona wanachomfanyia Kaka wote wawili: mmoja amemsimamisha mlangoni, mwingine amemfungia kabatini.

Lakini kuona ni jambo moja. Kuacha ni jingine.

*

Kwani alikuwa amefika somo la kumi na tisa, na hapo akasimama. Alilijua somo la kumi na tisa kwa moyo. Lilikuwa la kuagiza tiketi. La ishirini hakulisikiliza. Si kwamba lilikuwa gumu. Lilikuwa la mwisho. Maadamu halijasikika, Kaka alikuwa bado na jambo jipya la kumwambia. Akilisikiliza, hatakuwa na neno jingine tena duniani, ila yaleyale kurudiwa. Kwa hiyo alikuwa akimaliza la kumi na tisa na kurudi la kwanza, jina lako nani, mwaka mzima, kama mtu anayezunguka nyumba asiyotaka kuingia.

Mtihani wa mwaka wa pili haukujua habari hizo. Bwana Toni aliingiza kanda, akasema, "Leo tunamuaga msafiri," na Kitinda akasimama, akavua hedifoni, akaiweka mezani taratibu, akatoka nje.

Alipewa sifuri. Kanuni ya idara ilikuwa fupi: asiyepita mtihani wa kuzungumza hurudia mara moja, na asipopita marudio hufungasha virago.

Bwana Toni alimwita ofisini. "Wewe ndiye mwenye toni safi kuliko wote," alisema, kwa uchungu wa mtu aliyeibiwa. "Tatizo nini?"

"Sijaliandaa somo hilo, mwalimu."

"Miaka miwili upo kwenye kibanda kile, hujaliandaa? Nitaliweka lilelile kwenye marudio. Jumatatu ijayo. Ukishindwa, mimi sina la kufanya."

Balozi, ambaye kwa mizaha yake yote alikuwa rafiki wa kweli, alipoona mwenzake haji hata maabara, alichukua anwani na kwenda kwao siku ya Jumamosi. Kitinda alikuwa ametumwa dukani kununua uzi. Mama alimkaribisha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pita, angalia viatu hivyo."

Balozi aliviruka, akaketi, akanywa maji, na kwa kuwa hakuzaliwa na breki mdomoni, akaanza. Alisema ana wasiwasi na Kitinda. Alisema ameshindwa mtihani mmoja tu, mdogo, wa kanda ya kumuaga msafiri ambayo alikataa kuisikiliza, na kesho kutwa ndiyo nafasi ya mwisho. Kisha, ili kuipunguza uzito habari yenyewe, akacheka.

"Tatizo la binti yako ni mapenzi, mama. Amempenda mtu wa kwenye kanda."

"Mtu gani?"

"Wa kwenye kanda za Kichina. Anamsikiliza tangu asubuhi mpaka anafukuzwa. Sisi tunamwita shemeji!"

Mama alitabasamu kwa adabu, mguu ukiendelea kukanyaga. "Na huyo mtu ni nani?"

"Mwanafunzi wa zamani tu. Wanasema alikuwa hodari, akaenda huko Uchina, hakurudi."

Cherehani ilinyamaza. Balozi alisema baadaye kuwa hakujua kama cherehani ikinyamaza inasikika namna ile. Mama alichomoa kitambaa chini ya sindano, akakata uzi kwa meno, akamuuliza kama angependa maji mengine.

Kitinda aliporudi na uzi, mgeni alikuwa ameondoka. Mama aliendelea kushona jioni ile, na kesho yake Jumapili. Jumatatu asubuhi alitoka chumbani amevaa gauni la kwendea ugenini, mkoba kwapani.

"Twende," alisema.

"Wapi, mama?"

"Kwa mwanangu."

*

Kuhusu marudio yenyewe, yalikuwa saa nane mchana wa siku hiyo, na Kitinda alifaulu. Tumelisema mapema ili msikae roho juu kwa jambo lisilostahili. Jambo lenyewe lilikuwa la asubuhi.

Kwenye korido ya idara ramani ilipunga, Mama akaitazama nchi baada ya nchi bila kusimama. Maabara ilikuwa na Bwana Toni peke yake, akipangusa vichwa vya kinasa sauti kwa pamba. Aliinuka.

"Karibu mama. Nikusaidie nini?"

"Mimi ni mama yake huyo wa kwenye kanda."

Bwana Toni alimtazama. Kisha alimtazama Kitinda, na tukubaliane kuwa mtu mwenye sikio la namna ile, miaka miwili anamsikia dada na miaka yote anamsikia kaka, alipaswa kujua. Alivua miwani. Alisema "jamani," akasogeza viti viwili, akatoka akafunga mlango.

Mama aliketi kwenye kibanda cha pembeni. Hapo ndipo alipomgeukia binti yake.

"Miaka miwili," alisema.

"Mama, nilikuwa..."

"Mimi napiga brashi viatu. Nauliza ukuta kama yuko hai. Na wewe unakuja huku kila siku unaongea naye, unarudi nyumbani unaniuliza kama kuna chai?"

"Nisamehe, mama."

"Ulikuwa unamwambia nini?"

"Alikuwa ananiuliza jina langu."

Mama aliinua mkono, na Kitinda akajua atapigwa, akautamani ule mkono kwa kweli, kwani kipigo kina mwisho. Mkono ulimshika shavu ukatulia hapo, una harufu ya mafuta ya cherehani.

"Niwekee," alisema Mama.

"Ipi? Zipo ishirini."

"Ambayo hukutaka kuisikia."

Kwenye kibanda hakukuwa na hedifoni mbili. Kitinda alichomoa waya, akafungua sauti ijae chumbani, akabonyeza.

Kwanza kulikuja bati, likilia. Kisha Kaka. Alizungumza Kichina, na Mama, ambaye hakuwa na hata neno moja la lugha hiyo, aliinamisha kichwa upande kama anayesikiliza mtu wa chumba cha pili.

"Anasema..." Kitinda alianza.

"Usinitafsirie. Najua mwanangu anavyoaga."

Sauti ilisema jambo, ikavuta pumzi puani, ikasubiri. Kaka alikuwa amesema kuwa saa imefika, mizigo iko tayari.

"Umekula?" alisema Mama ndani ya kile kimya.

"Vizuri sana," ilisema sauti, na ikaendelea. Kaka alikuwa anasema anavyosema msafiri wa kule kwa adabu: usinisindikize tena, mbali umefika, rudi nyumbani. Pumzi. Kimya.

"Nimerudi," alisema Mama. "Nipo nyumbani. Sikutoka hata siku moja, nilisema utanikosa."

"Vizuri sana."

Machozi yalikuwa yakimshuka sasa, yale ya miaka yote, bila sauti, yakilowesha kola ya gauni la kwendea ugenini, na hakuyafuta. Kaka alisema neno la mwisho la somo, la kuomba radhi kwa usumbufu aliompa mwenyeji. Jibu ambalo kitabu kinalitaka hapo, ambalo Bwana Toni angelipa alama kamili, ni maneno mawili ambayo wenyeji wa kule humwambia mgeni anayevuka kizingiti: nenda polepole. Kitinda alifungua mdomo amsaidie mama yake.

"Nenda taratibu, baba," alisema Mama. "Mvua imenyesha, njia inateleza."

"Vizuri sana," alisema Kaka.

Somo likawa limekwisha. Kitinda aliupeleka mkono kwenye kitufe, na kanda ikazidi kuzunguka, ikivuma tu, bati likilia mara moja kwa mbali. Kisha kiti kilikwaruza sakafu. Na sauti ya kaka yake, si ile ya somo, ile ya nyumbani, ya Kiswahili, ya kijana aliyechoka anayetaka kwenda kucheza mpira, ikasema karibu kabisa na kinasa sauti:

"Mwalimu, imeisha? Naweza kwenda sasa?"

Ule mzaha wa Balozi. Darasa zima walikuwa wameufikia, wakaurudia, wakaucheka miaka miwili mbele yake, na ni yeye peke yake aliyekuwa hajafika. Bwana Toni hakujibu kwenye kanda. Kulikuwa na kimya tu, kirefu kuliko vyote vya masomo ishirini, na hakuna aliyekiacha kwa ajili ya kujazwa.

Mama alikuwa ameushika mkono wa Kitinda juu ya kitufe, asizime. Alisubiri kidogo, kama mtu anayehakikisha kuwa ni yeye aliyeulizwa.

"Nenda, mwanangu," alisema.